Baba yangu uso wake haujibu tena, mnaongeaje na mtu wa hivi?

KiboKusini

Wakuu habari za jioni. Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu kidogo, ila nimekaa na hili jambo toka Krismasi na sijapata wa kumwambia.

Mzee wangu ana miaka 71, kwetu ni Machame, wilaya ya Hai. Mwaka juzi aligundulika ana ugonjwa wa Parkinson baada ya kuzunguka sana, mara tuliambiwa ni uzee tu, mara msongo wa mawazo, tukapoteza karibu miaka miwili hapo. Sasa hivi yuko kwenye dawa, mkono umepungua kutetemeka, kula anakula mwenyewe, shambani anafika taratibu na fimbo yake. Kwahiyo sijaja kuuliza habari za dawa, nimekuja kuuliza habari za uso.

Lazima nieleze kwanza alikuwa mtu wa namna gani ndio mtanielewa. Baba hakuwa msemaji. Alikuwa katibu wa chama cha msingi cha kahawa miaka mingi na hata kwenye mikutano alikuwa anasema maneno machache, ila uso wake ndio ulikuwa unafanya kazi yote. Sisi watoto sita tumelelewa na macho. Tukienda kwa watu tukakaribishwa chakula, kabla hujanyoosha mkono unamtazama kwanza baba, nyusi zikipanda kidogo ujue ruksa, akifumba macho taratibu na kufumbua ujue unatakiwa useme ahsante nimeshiba hata kama tumbo linanguruma. Ukimdanganya hagombi, anakutazama tu, panakuja kamkunjo kamoja hapa katikati ya nyusi na unajikuta unajisahihisha mwenyewe. Na akipendezwa na jambo alikuwa na kitu cha kuinua upande mmoja wa mdomo, upande wa kushoto, sio kicheko, ila sisi tulikuwa tunakitafuta hicho kuliko hela ya sikukuu.

Sasa hicho kitu hakipo. Uso umetulia kama maji mtungini, hapepesi macho kama zamani, mdomo uko vilevile umwambie kuna msiba umwambie kuna harusi.

Krismasi tulikuwa wote nyumbani. Mwanangu wa miaka 8 akamkalia babu yake pembeni akaanza kumsimulia walivyofukuzwa na nyuki shuleni. Alianza vizuri sana, mikono inaruka, anaigiza mwalimu alivyojifunika koti kichwani. Katikati akamtazama babu. Akapunguza sauti. Akaendelea kidogo, akamtazama tena. Halafu akasema "basi, tukarudi darasani" akaishia hapo hapo, wakati mimi hiyo stori naijua, sehemu nzuri yote ya mwalimu mkuu kujifungia stoo ilikuwa bado. Akanifuata nje akaniuliza, baba, babu amenuna? Nikamwambia hapana, hajanuna. Usiku nikiwa namsaidia mzee kuvua viatu akaniambia kwa ile sauti yake ya chini siku hizi, "Ile habari ya nyuki ilikuwa nzuri. Mbona hakumaliza?"

Nilishindwa kumjibu.

Na sio mtoto tu. Majirani wamepunguza kuja, kuna mmoja kamwambia mama kabisa kwamba siku hizi shemeji anatudharau, tukiongea anatukazia macho tu. Mimi mwenyewe nikikaa nae nikiongea najikuta naharakisha, naanza kujieleza kama mtu aliyeiba. Cha kushangaza nikirudi Dodoma nikampigia simu tunaongea vizuri kabisa dakika ishirini na utani juu. Ana kwa ana ndio inakuwa ngumu. Inakuwaje mtu awe karibu zaidi akiwa mbali?

Kwa waliopitia haya, mnaongeaje na mtu ambaye sura yake haijibu? Na watoto mnawaambiaje?

NesiWaZamu

Pole sana kaka. Umeeleza vizuri kuliko hata tunavyoeleza sisi kliniki.

Hiyo hali ya uso ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, sio tabia wala sio hasira. Kwenye Parkinson zile seli za ubongo zinazotengeneza dopamini zinakufa kidogo kidogo na dopamini ndio inayorahisisha mwili kuanza mjongeo, kwahiyo vile vitu vinavyojifanya vyenyewe bila mtu kufikiria ndio vinaondoka mapema. Mikono kupunga wakati wa kutembea. Kupepesa macho. Tabasamu linalotoka lenyewe mtu akisikia jambo zuri. Ukimwambia mgonjwa "tabasamu" mara nyingi anaweza kutabasamu japo kidogo na kwa kuchelewa, ila lile lisiloombwa ndio haliji. Na sauti hivyo hivyo, inashuka na kuwa ya mlio mmoja, yeye mwenyewe masikioni mwake anajiona anaongea kawaida kabisa.

Hisia ziko ndani kama zilivyokuwa. Hilo mwambie mtoto hivyo hivyo kwa maneno mepesi, misuli ya uso wa babu imepata ugonjwa, imekuwa mizito, ila akisikia stori yako ndani anacheka. Mtoto wa miaka 8 anaelewa, tena anaelewa haraka kuliko jirani.

Ila na hili nalo nilisemee. Huzuni ya kweli, ile ya ugonjwa, nayo huwapata sana watu wa Parkinson, na uso hauwezi kukuambia kama ipo au haipo. Usikisie. Muulize mzee mwenyewe kwa maneno, unalala vizuri? kuna siku unaona heri usiamke? Akikujibu ndio, mpeleke, kuna msaada. Wengi tunaona uso umekauka tunasema ana sonona na hana, wengine tunasema ni ule uso tu wa ugonjwa kumbe mtu anaumia.

Mengine madogo madogo: kaeni ana kwa ana kwenye mwanga, zima redio, na angalieni saa ambazo dawa inafanya kazi vizuri, wagonjwa wengi wana masaa ya unafuu na masaa mazito, wageni waje kwenye masaa ya unafuu. Kama hospitali mnayokwenda kuna mtaalamu wa matamshi au wa fiziotherapia muulizieni mazoezi ya sauti kubwa na ya uso. Asifanye kwa kushtukiza tu mgeni anapofika, iwe kila siku, hata kusoma gazeti kwa sauti kunasaidia.

Na usijilaumu kwa ile miaka miwili. Huko huko kwenu Hai ulifanyika utafiti wa nyumba kwa nyumba, wilaya nzima, majibu yake yakachapishwa 2008, na wengi wa waliokutwa na ugonjwa huu hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini wala kupata dawa. Walikuwa wanaitwa wazee tu.

mtu_wa_kazi

Pole mkuu. Nafuatilia huu uzi, mama mkwe wangu naona dalili hizo hizo na sisi tulishaanza kusema amebadilika tabia. Mungu anisamehe.

NjiaYaUshindi

Mkuu hapa ndio utaona umuhimu wa lugha ya mwili. Kwenye semina tunafundishwa kwamba mawasiliano asilimia 93 ni mwili na sauti, maneno ni asilimia 7 tu. Kwahiyo mzee kama uso umekufa na sauti imeshuka maana yake amebaki na asilimia 7. Itabidi nyie wanafamilia mjifunze kuishi na hiyo 7.

MwanaIsimu

@NjiaYaUshindi naomba nikupinge kwa heshima, manake hiyo hesabu inamkatisha tamaa mtu bila sababu. Hizo namba zinatokana na tafiti mbili ndogo za Albert Mehrabian za mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno moja moja likitamkwa kwa sauti tofauti, kwingine na picha ya uso, wakaulizwa huyu anampenda au hampendi anayemwambia. Basi. Swali lilikuwa la kupenda na kutopenda, tena pale neno na sauti vinapogongana. Mehrabian mwenyewe alishasema hesabu yake isitumike nje ya hapo. Kama maneno yangekuwa asilimia 7 leo usiku zima sauti ya taarifa ya habari umwangalie tu msomaji, uone utaambulia nini. Baba yake KiboKusini ana maneno yake yote, hajapungukiwa.

Alichopungukiwa ni kitu kingine na hicho kina utafiti wake mzuri sana. Mwaka 2000 Janet Bavelas na wenzake huko Canada, Chuo Kikuu cha Victoria, walikaa na swali hili hili: msikilizaji anafanya nini wakati mwenzake anasimulia? Wakachukua watu wasiojuana, mmoja anamsimulia mwenzake jinsi alivyonusurika na hatari fulani. Baadhi ya wasikilizaji wakapewa kazi ya siri, wahesabu maneno yote yanayoanza na herufi t. Kwahiyo mtu amekaa mbele yako, anakuangalia, ila akili iko kwenye kuhesabu, uso wake haushtuki pale pa kushtuka. Na matokeo yake wasimulizi ndio walioharibikiwa. Stori zilifika mwishoni zikaporomoka, mwingine anakatisha ghafla, mwingine anazunguka anarudia kuelezea kwanini ilikuwa hatari wakati iko wazi. Stori ilikuwa ya msimulizi, lakini kumbe msikilizaji alikuwa anaisimulia pamoja nae, kwa kukunja uso, kuvuta pumzi, kushika mdomo.

Soma tena habari ya mtoto na nyuki. Ndio kitu kile kile! Mtoto hakuchoka wala hakuogopa tu, alikosa mwenzake wa kusimulia nae.

Na la pili ni muda. Kuna utafiti wa 2009 wa Tanya Stivers na wenzake uliopima lugha 10 za mabara tofauti, ikiwemo moja ya Namibia, wakaangalia mtu akiulizwa swali anachukua muda gani kujibu. Wastani ni kama sehemu ya tano ya sekunde, na lugha zote hazikupishana sana. Yaani hata kope haijashuka, jibu limeshaanza. Mtu mwenye Parkinson anahitaji muda mrefu kuliko huo kuanzisha sauti, na kwa kawaida tunaposubiri, uso ndio unatuambia "ngoja, nakuja", mtu anavuta pumzi, anainua nyusi, anafungua mdomo. Mzee hana cha kukuambia ngoja. Kwahiyo sisi tunaona kimya, tunadakia, yeye alikuwa ndio anaanza. Mkirudi nyumbani hesabuni moja mpaka tano kimoyomoyo kabla ya kuongeza neno.

Simu kuwa rahisi nadhani ni kwa sababu kwenye simu hakuna anayesubiri uso. Huna cha kusoma kwahiyo husomi vibaya. Ana kwa ana unasoma ukurasa mtupu na unaujaza mwenyewe, na wengi tunaujaza na hofu zetu za utotoni, hasa kwa baba.

KiboKusini

@MwanaIsimu hiyo sentensi ya mwisho imenikaa. Ni kweli kabisa, ninachokiona kwenye ule uso ni ule mkunjo wa nimedanganya. Haupo ila nauona.

MamaLikoni

Assalaam alaykum kutoka Mombasa. Mwanangu, soma haya ya mtu mzima, mie marehemu mamangu alipigwa na kiharusi upande mmoja ukalala, uso nusu ukabaki mwake nusu si wake.

Sisi watu wa pwani twaongea na mwili mzima wallahi. Hata wataalamu waliliona, Sheikh Yahya Ali Omar, mzawa wa hapa Mombasa aliyekuwa London, yeye na Bi Carol Eastman waliandika makala mwaka 1985 juu ya ishara za Waswahili, wakazipanga, ziko walizoziita vielezi na ziko walizoziita viingizi. Na ni kweli, manake mdomo ukibetuliwa hilo ni neno zima. Mtu akishika tama hajasema kitu lakini nyumba nzima yamuuliza una nini. Mtoto akiweka mikono kichwani bibi humkemea, shusha mikono, wamlilia nani? Kumwita mtu mzima kwa kidole ni tusi, unageuza kiganja chini ndio unampungia. Haya yote hayafundishwi, mtoto huyanyonya na maziwa.

Sasa mamangu alikuwa fundi wa hayo. Alipougua ule mdomo wa kubetua ukalala. Na kwa kuwa upande mmoja ulivutika, watu walioingia kumtazama walikuwa wamuona kama awabeza. Shoga yake wa miaka arubaini alitoka mlangoni analia ati kabezwa.

Tulilofanya ni hili. Tuliketi nae, yeye na sie mabinti, tukakubaliana ishara za mkono uliobaki. Kidole kimoja kugonga paja, endelea nakusikia. Viwili, hapo umenichekesha. Kiganja kukifunika juu ya godoro, nimechoka nendeni kwa wema. Yeye mwenyewe ndiye aliyeziweka, hatukumwekea sie, na hilo usilipuuze, mzee usimtungie lugha kama mtoto. Na kila mgeni kabla hajaingia chumbani mmoja wetu alikuwa amkamata uwani amwambia, uso wake sasa hausemi kweli, tazama mkono. Siku ya kwanza shoga yake aliporudi mamangu aligonga viwili, viwili, viwili mfululizo. Walicheka mpaka nesi akaja kutazama kuna nini.

Na huyo jirani wa kwenu asiambiwe kwa kupitiwa pitiwa. Mama yako amfuate kwake, akae, ale chakula chake, ndipo amweleze. Neno la dharau halifutwi njiani.

SautiTu

Ndugu KiboKusini mimi ni asiyeona tangu nikiwa mchanga, simu ndio inanisomea huu uzi wenu. Nimeusikiliza mara mbili.

Maisha yangu yote naongea ana kwa ana na watu ambao siwaoni nyuso. Kwahiyo mnachokiita nyie tatizo la uso wa mzee mimi ndio hali yangu kwa kila binadamu. Na naongea na watu vizuri, nimeoa, nina kazi, nabishana mpira kijiweni. Nikifika kwenu mimi na baba yako tungepiga stori mpaka jioni, na ningemjua vizuri tu.

Nawapa siri moja. Watu wanaoona wakisikiliza huwa wanakaa kimya kwa sababu wanadhani kichwa kinatosha kuitikia. Ukiwa na mimi hicho kichwa hakifiki. Wale waliozoea kukaa na mimi wameshajifunza, wanatoa sauti, enhee, mh, we!, acha bwana. Wengine wananigusa goti. Mke wangu ana mkono wake juu ya mkono wangu, akikaza kidogo najua hapo nimezidisha chumvi. Kwahiyo lile jibu la uso linaweza kuhamia sehemu nyingine. Mama Likoni kalihamishia kwenye paja, sisi tumelihamishia kwenye goti.

Na msione ishara za mikono ni za wenye macho tu. Mwaka 1998 Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walitoa utafiti wa watoto na vijana wasioona tangu kuzaliwa, wanapunga mikono wakiongea kama wenzao wanaoona, hata wanapojua anayewasikiliza nae haoni. Mimi naambiwa napunga sana. Sijawahi kuona mkono wa mtu ukipunga, ila bila mikono maneno hayatoki vizuri. Kwahiyo mzee kama mikono nayo imekuwa mizito, mjue sio nyie tu mnaokosa kitu, yeye pia kuongea kwenyewe kunamwia kazi zaidi. Mpeni muda.

Halafu kuna hili la kwetu wenyewe mnalisahau. Hadithi za bibi zilikuwa zinasimuliwa usiku, kibatari kimoja, watoto kumi, nani anaona uso wa nani? Paukwa, mnaitika pakawa. Hadithi hadithi, hadithi njoo. Mimi naona wazee waliweka kule kuitika makusudi, giza lisimuache msimulizi peke yake.

MzeeGerezani

Vijana nimewasoma. Mimi ni mtu wa zamani kidogo, nina langu moja.

Bondia Muhammad Ali alikuja Dar mwezi wa pili 1980. Rais Carter wa Marekani alimtuma aje kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere alikataa kumpokea, na sisi Moscow tulikwenda, wanariadha wetu Bayi na Nyambui wakarudi na medali mbili za fedha. Lakini sitaki kuongelea siasa. Nilikuwa kijana nikasimama na wenzangu kumtazama Ali. Ule uso! Nyusi zinapanda, macho anayatoa, midomo anaivuta, nusu ya watu pale hatukuelewa Kiingereza chake na tulicheka vilevile.

Miaka minne baadae, 1984, akaambiwa ana ugonjwa huu huu wa baba yako. 1996 nilimuona kwenye televisheni anawasha mwenge wa Atlanta, mkono unatetemeka, uso umetulia kabisa. Jirani yangu akasema masikini, Ali hajui hata yuko wapi. Niliumia sana, kwa sababu alikuwa anajua. Aliishi miaka ishirini zaidi baada ya pale. Na kwenye miaka hiyo wageni wakimtembelea alikuwa anawafanyia kiini macho, leso inapotea mkononi, inatokea. Mtu aliyekuwa anawachekesha watu kwa uso na mdomo akahamia kwenye vidole.

Mpe baba yako kitu cha mkononi cha kumjibia mjukuu. Hii fimbo yake uliyoitaja haitoshi kweli?

KiboKusini

Wakuu nimerudi. Wiki tatu zimepita, nilikuwa nyumbani toka Ijumaa.

Kwanza niliongea na mzee peke yetu, nikamsomea karibu uzi wote, baadhi ya sehemu akaomba nirudie, ya Mama Likoni na ya Ali. Nilihesabu tano kama nilivyoambiwa. Tano ni ndefu sana wakuu, nilikuwa nafika tatu nataka kuongea. Mara ya pili nilipofika nne ndio akaanza, akasema, "Najua watu wananiogopa. Nikijiangalia kwenye kioo wakati wa kunyoa hata mimi namuona mtu mkali." Sikujua kabisa kama analijua hilo. Miezi yote hiyo analijua na hana namna ya kutuambia.

Nilimuuliza na yale maswali ya Nesi. Kalala vibaya miezi mingi na kuna jingine alisema sitaliandika hapa. Jumatatu tulimpeleka, nashukuru sana kwa lile angalizo, nisingeuliza.

Ishara kachagua mwenyewe. Fimbo kugonga sakafu mara moja, nipo endelea. Mara mbili mfululizo, nimependa. Akasema ya tatu haitaki, "ya kukataa nitasema kwa mdomo".

Jumapili baada ya ibada nikamwambia mwanangu, babu anaidai ile stori ya nyuki. Akasita. Nikamwelezea habari ya misuli ya uso kuwa mizito, akaniuliza inauma? Nikamwambia haiumi. Akaenda akakaa chini karibu na miguu ya babu yake, sio pembeni kama mwanzo, akasema paukwa (nilimfundisha kwenye gari) na mzee akagonga, ko. Akaanza. Mwanzoni alikuwa anatazama uso kwa mazoea, nikamuona macho yanapanda, yanasita, halafu yanashuka kwenye ile fimbo. Alipofika pale mwalimu anajifunika koti, ko ko. Sauti ikapanda. Pale mwalimu mkuu anajifungia stoo na nyuki wawili ndani, fimbo iligonga nikapoteza hesabu, na mama alikuwa mlangoni na sahani ya ndizi akabaki amesimama nayo.

Mdomo haukunyanyuka, upande ule wa kushoto niliutazama sana. Haukunyanyuka. Ila mtoto alimaliza stori yake.

Kwa sasa shida iliyobaki ni wajukuu wengine nao wanataka zamu na mzee anachoka baada ya kama nusu saa, tunawapanga. Jirani bado hajaja. Mama kasema Jumamosi anamfuata, kashamchagulia mkungu wa kumpelekea.

MamaLikoni

Akae ale chakula chake kwanza, usimwache akaongelea mlangoni. Na mzee mpe salamu zetu, mwambie mwanamke wa Likoni kagonga viwili.

KiboKusini

Nimempigia sasa hivi nikamwambia. Kakaa kimya, nikahesabu, kwenye nne nikasikia fimbo kwenye simu.